Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ukurasa wa kumi na tisa niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye meza ya chakula nyumbani kwetu Lemara, wakati wa masika, nikiwa na haraka ya kumaliza kabla umeme haujakatika. Ninalisema hilo mapema kwa sababu wanaonijua hunipa pole ya ugonjwa, nami pole naipokea, lakini wengi hawajui kwamba sehemu ya ugonjwa wangu niliitengeneza mwenyewe. Huu ni mwaka wa tatu tangu nimalize mionzi. Daktari ameniambia niendelee kurudi kupimwa kila baada ya miezi sita. Namwandikia mwanamke ambaye leo asubuhi ameona doa, akalifua haraka, akajiambia litapita. Mama, keti kidogo. Nami nilijiambia hivyo hivyo.

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Nilipunguzwa kazini miaka ile ambayo kila ofisi ya serikali ilikuwa inapunguza watu, na mjini Arusha kila mwenye mtaji kidogo alikuwa anafungua kitu chake: duka la dawa, zahanati, stoo ya mitumba. Bwana mmoja wa Machame alifungua kiwanda cha uchapaji. Alikuwa Mlutheri kama sisi, mtu wa suti hata siku za joto. Alinifuata nyumbani.

"Mwalimu," akasema, "watu wanakwisha kwa UKIMWI na hakuna anayesema kitu. Niandikie kitabu cha wanandoa. Kiwe cha watu wazima, lakini kisafi. Kisimtie mtu aibu akikishika kanisani."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima nikijiona kama kiti kilichovunjika mguu. Nikanunua daftari kubwa, nikaanza kuzunguka. Nilikwenda Akheri nilikozaliwa, nikakaa na wanawake kwenye migomba. Nilizungumza na majirani zangu wa Lemara. Nikapanda mpaka Olmotonyi, na huko ndiko nilikokutana na mwanamke ambaye nitamwita Mama Nsia. Hilo si jina lake. Jina lake limo kwenye daftari, na daftari liko kabatini, limefungwa kwa ufunguo. Hata kazi ya mumewe siitaji, kwa hiyo usijisumbue kutafuta.

Alikuwa wa rika langu, mcheshi, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Tulikuwa tunamenya wote, mimi vibaya, yeye akinicheka. Wenzake walipokwenda kuchota maji aliinamisha kichwa, akaniambia jambo lake kwa maneno machache. Kila akikutana na mumewe anatoka damu. Si damu ya mwezi. Ilikuwa imeanza tangu Krismasi. Kisha akaniuliza kama hilo ni kawaida.

"Nitauliza," nikamjibu. Nikaandika alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu mkono wangu ulikuwa na mazoea mazuri hata pale kichwa kilipokuwa hakina.

Je, niliuliza? Niliuliza, ndiyo. Nilimwuliza shangazi yangu wa Akheri, aliyewafunda mabinti wa ukoo wetu wote kabla ya kuolewa. Shangazi alicheka. "Damu ya mama wa makamo haina ratiba," akasema. "Inakuja, inaondoka, halafu siku moja haiji tena." Muuguzi mmoja wa zahanati ya mtaani kwetu aliposikia ninaandika kitabu alinisihi nimpe daktari akisome kabla hakijachapwa. Nikaenda hospitali, nikakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, nikaambiwa daktari ameitwa wodini. Nilirudi nyumbani nimenuna. Sikwenda tena. Siku moja ya benchi ilinishinda, mimi ambaye baadaye nilikaa kwenye mabenchi nusu ya maisha yangu.

Halafu kamati ya wazee wa usharika ikapitia mswada, maana mchapaji alitaka kitabu kiuzwe makanisani. Hawakuwa watu wabaya. Waliona haya, basi. Kila nilipoandika kukutana na mume walitaka niandike mambo ya nyumbani. Kila nilipoandika uke walitaka nifute kabisa. Nami nikafuta. Ukurasa wa kumi na tisa ukatoka hivi: "Mama wa makamo asishtuke akiona mabadiliko katika siku zake, hata baada ya mambo ya nyumbani. Ni mwili unajiandaa kupumzika. Ale vizuri, apunguze kazi nzito, amshukuru Mungu kwa umri."

Nilipousoma nikaona ni mzuri. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba niliuona mzuri.

Kitabu kikapendwa. Jumapili baada ya ibada, watu walipokusanyika nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, kilinadiwa kati ya mikungu ya ndizi na majogoo, na wanaume walishindana kuwanunulia wake zao. Shangazi yangu alitembea nacho mkobani, naye hajui kusoma.

*

Doa langu la kwanza lilikuja mwaka uliofuata, wakati watu wa Akheri wanachuma kahawa. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Aliyeliona ni mume wangu, Baba Aneti, fundi seremala, mtu wa maneno machache ambaye anaamini kila kilichochapwa, hata kalenda ya duka.

"Mama Aneti, hii ni nini?" akaniuliza, ameshika shuka.

"Ni umri," nikamwambia. Alipoendelea kunitazama nilikwenda kabatini nikachukua kitabu, nikamsomea ukurasa wa kumi na tisa. Nilimsomea kwa sauti ya darasani. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaenda karakana.

Miezi ikapita. Damu ikazidi, kisha ikaja na maji yenye harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Nikaanza kufua vitambaa vyangu peke yangu nyuma ya nyumba, na kuvianika ndani ya stoo pasipo jua. Kiuno kiliuma kama nimebebeshwa gunia. Nilihamia chumba cha binti yetu Aneti nikisingizia kwamba baba yake anakoroma. Aneti alikuwa kidato cha tatu, na macho yake hayadanganyiki. Alianza kufungua dirisha kila nilipoingia, kisha anajifanya anatazama nje. Mwanangu alikuwa ananikimbia kwa adabu, nami nilitamani ardhi inimeze.

Nilikonda. Unajua miaka ile mtu akikonda watu walifikiri nini. Jirani mmoja aliyekuwa anaazima kinu changu akaacha kukiazima. Baba Aneti naye akaja siku moja, ameshika kofia mkononi kama mgeni, akaniuliza kama kuna mahali nilipita. Nilipiga kelele. Nilimtupia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na baada ya wiki tukaenda wote wawili kupimwa. Majibu yalichukua wiki mbili. Yalipotoka hatuna virusi, mimi na yeye tulikaa kwenye ngazi za jengo lile tukalia. Tulirudi nyumbani tukachinja kuku. Damu ilikuwa inanitoka huku natafuna ule mguu wa kuku, na nilifurahi, kwa maana niliona kwamba kama si UKIMWI basi ni umri tu, kama kitabu kinavyosema. Tukapoteza miezi mingine minne.

Siku niliyoanguka ilikuwa Jumapili, nje ya kanisa, wakati wa mnada huo huo. Kanga yangu ilikuwa imelowa mpaka chini. Akina mama walinizingira wakatandaza vitenge vyao ili wanaume wasione, na mmoja wao, nisiyemjua hadi leo, alifunika damu yangu kwa udongo na kiatu chake, taratibu, kana kwamba anafanya jambo la kawaida. Mungu ambariki mama yule.

Hospitali, sista aliyenipima alikuwa mzee wa kazi, mkali. Alimaliza, akavua glovu, akasimama dirishani kidogo.

"Mama, umekaa na hii muda gani?"

"Karibu mwaka, sista."

"Karibu mwaka! Na nani alikuambia ni kawaida?"

Nikasema nilisoma mahali.

"Aliyeandika hicho ulichosoma angekuwa hapa," akasema, "ningemshikisha taa aangalie mwenyewe." Kisha akaona uso wangu, akadhani amenitisha, akanishika bega. "Pole, mama yangu. Sikukasirikia wewe."

Walinikata kinyama kidogo, kikapelekwa kuchunguzwa. Wiki tatu za kusubiri. Benchi la pale lilikuwa la mbao, na pembeni palikuwa na msumari uliochomoza ambao sote tuliujua, kila mgeni akikaa tunamwambia asogee. Nilisali sala ambazo mtu hapaswi kusali. Nilimwambia Mungu achukue chochote, nyumba, karakana, hata miaka kumi ya mwisho, bora aniache nimwone Aneti anamaliza shule. Majibu yakasema saratani ya shingo ya kizazi, na kwamba upasuaji hautafaa tena, muda wake umepita. Ilibaki mionzi, na mionzi iko Dar es Salaam.

*

Dar es Salaam naikumbuka kwa joto na kwa wino. Walinichora mistari ya wino tumboni na mapajani, wakanionya nisiioshe ikafutika, kwa sababu ndipo mashine inapolenga. Kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki, nililala peke yangu chini ya ile mashine huku wahudumu wote wametoka nje na mlango mzito umefungwa. Haiumi. Inavuma tu. Nilikuwa nahesabu mpaka sitini mara mbili, halafu mlango unafunguliwa. Maumivu yalikuja baadaye, kwenye wiki ya tatu: kuhara hadi sina nguvu ya kusimama, ngozi ya mapajani ikawa nyeusi ikabanduka, kukojoa kukawa adhabu. Siku zangu za mwezi zilikoma, na sikushukuru kwa umri. Kisha ikaja mionzi ya ndani, ambayo sitaieleza kwa urefu. Itoshe kusema nililala nimefungwa kitu nisigeuke, nikamwita mama yangu aliyekufa zamani.

Kitanda cha pili alilala Paskalina wa Babati. Alikuwa mdogo kwangu, mwenye watoto watano, na alinifundisha kulaza kitambaa chenye maji baridi kwenye paja na kunywa uji kwa kijiko kidogo kidogo. Nilipokuwa siwezi kutembea alinishika kiuno hadi chooni, na njiani alikuwa ananisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Siku moja tulikuwa kwenye kivuli cha ukuta tunasubiri kuitwa, nikamwuliza alichelewa vipi kuja.

"Dada yangu alikuja na kitabu kutoka Arusha," akasema. "Kitabu cha ndoa. Akanisomea. Kilisema mama wa makamo asishtuke. Nami nikasema basi, nisishtuke." Akacheka kidogo. "Na mimi hata makamo sijafika."

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Jina langu kwenye jalada lilikuwa la kiofisi, na wodini wote waliniita Mama Aneti. Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia.

"Paskalina, kile kitabu nilikiandika mimi."

Aligeukia ukutani. Siku nne hakunisemesha, na sikumlaumu, hata angenitemea mate angekuwa na haki. Siku ya tano nilishindwa kuinuka kwenda chooni na aibu ikanipata kitandani. Nikasikia anashuka kitandani kwake. Akanivua, akanifuta, akanivika kanga yake mwenyewe iliyokuwa safi. Alipomaliza ndipo akauliza: "Aliyekuambia hayo ni daktari?"

"Hapana. Ni shangazi yangu."

"Na mimi shangazi ninaye," akasema. "Sikuhitaji kitabu."

Nililia hadi nikaishiwa pumzi. Na katikati ya kulia ndipo Mama Nsia wa Olmotonyi aliponijia, ameinama kwenye ndizi zake, na neno langu lile, nitauliza. Nilikuwa na ugonjwa wake. Alikuwa nao kabla yangu. Aliniuliza mimi, nami nikamjibu kwa kitabu.

Jioni ile nikaandika barua kwa Baba Aneti. Nilimwambia aache kila kitu apande Olmotonyi, amtafute yule mama, amwambie kinaganaga: ile damu anayotoka akikutana na mumewe si kawaida, aende hospitali kesho yake, amwombe daktari aangalie shingo ya kizazi. Nilipigia mstari kila neno. Jibu lilifika baada ya siku kumi. Baba Aneti aliandika kwa mwandiko wake wa kiseremala: "Nimefika. Nimeongea na mzee mwenyewe, Baba Nsia, vizuri sana. Amesema amesikia na atashughulikia. Tumekunywa chai. Usiwe na wasiwasi, pona."

Nilibusu ile karatasi. Usiku huo nililala vizuri mara ya kwanza tangu nifike Dar.

*

Paskalina aliondoka kabla yangu. Walimruhusu kwa maneno ya upole mno, yale ambayo wagonjwa wazoefu tunayaelewa. Aliniachia kijiko chake cha uji. Ninacho.

Nilirudi Arusha katikati ya kipupwe. Mlima ulikuwa umejifunika, baridi inapenya sweta mbili, na mimi nilikuwa na kilo za mtoto wa shule. Aneti alinipokea mlangoni akanikumbatia, akazika pua yake shingoni kwangu, akavuta pumzi kwa nguvu makusudi nisikie. "Unanuka sabuni, mama," akasema. Sijawahi kupewa sifa inayozidi hiyo.

Wiki ya pili nilimwambia Baba Aneti anipeleke Olmotonyi. Akasita. Akasema nipumzike kwanza. Nikasema nitakwenda kwa miguu. Akaazima gari la rafiki yake.

Tulimkuta Mama Nsia amelala kwenye chumba kilicho karibu na jiko, ili apate joto. Harufu niliitambua tangu uani, kabla hata ya salamu. Alikuwa amebaki macho na mifupa, ila ucheshi wake ulikuwa bado umo.

"Mwalimu," akasema, "umekonda kunizidi!"

Nilikaa kwenye kigoda. Nilimwuliza kama alikwenda hospitali baada ya ule ujumbe.

"Ujumbe gani?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Baba Nsia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Ndipo yakatoka. Baba Aneti alifika, akapokewa na mwenye nyumba, na adabu ya kwetu haimruhusu mwanamume kumwambia mke wa mwenzake habari za kitandani. Akamwambia mzee. Na hata kwa mzee hakuweza kutamka. Alisema, "Mke wangu anaumwa, na wako akaangaliwe afya, wanawake wa umri huu hupungukiwa damu." Baba Nsia akashukuru. Kesho yake akashuka mjini kwenye duka la dawa, akanunua chupa mbili za dawa ya kuongeza damu, zile nzuri, za nje. Mkewe alizinywa zote, bila kukosa siku.

"Nilinunua zile za bei," Baba Nsia akasema kwa sauti ndogo. "Sikumnyima."

Nilisimama nje ya nyumba ile nikamwagia mume wangu hasira yote ya mwaka mzima. Nilimwita mwoga. Nilimwambia ameua mtu kwa sababu ya haya. Alinivumilia mpaka nikamaliza, kisha akasema:

"Ningemwambiaje mke wa mtu maneno yale? Wewe mwenye kalamu, mwalimu, uliyekaa naye akakueleza kwa mdomo wake, uliyaandika?"

Tulisimama wawili kwenye ukungu, mikono imeganda, kisha akanivisha koti lake.

Tulimpeleka hospitali siku iyo hiyo, tukamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwangu. Yule sista mkali ndiye aliyempima. Alitoka akanitazama, akatikisa kichwa. Haikuwa tena kazi ya mionzi, ilikuwa kazi ya dawa za maumivu. Nilikwenda kumwona kila wiki. Nilimwambia yote: shangazi, benchi, kamati, ukurasa. Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu: "Kwa hiyo siku ile ulipouliza, ulimwuliza mtu asiyejua?"

"Ndiyo."

"Basi bado hujaniulizia," akasema.

Baadaye, siku ambayo maumivu yalimpa nafasi, aliniomba nimsomee alichoniambia siku ile ya ndizi, kama bado ninacho. Nilikuwa nimekuja na daftari. Nilimsomea. Alisikiliza amefumba macho. "Ni mimi kabisa," akasema. "Kiandike hivyo hivyo. Jina usiweke, watoto wangu wataolewa. Lakini maneno usiyavalishe nguo."

Alifariki kabla ya mvua za vuli.

*

Kuandika upya kulichukua muda mrefu kuliko mwanzo, na nilikuwa dhaifu, nafanya kazi saa moja nalala mbili. Mchapaji alisema kitabu cha zamani bado kinauzika. Nikamwambia anipe vilivyobaki vyote au nitasimama kwenye kila mnada wa kila usharika nikieleze. Alivileta kwa gari. Akina mama wa Lemara walinisaidia kukusanya vingine nyumba kwa nyumba. Kila ukurasa mpya nilimpelekea daktari, na nilikaa kwenye lile benchi lenye msumari mpaka akatoka wodini, siku tatu, nne, ilivyohitajika. Nisichokijua niliandika kwamba sikijui. Kisha niliwasomea wanawake wenyewe, nikawauliza wameelewa nini, na mara nyingi walikuwa wameelewa kitu kingine, nikarudi mezani. Niliandika pia yale ambayo hakuna aliyenieleza kabla ya mionzi: kwamba baada yake mwili hukaza na kukauka, kwamba mimi na Baba Aneti tulikaa mwaka mzima kama kaka na dada kabla ya kuthubutu kumwuliza sista, na kwamba sista hakucheka, alitusaidia.

Kabla ya kuwapelekea kamati nilipanda Olmotonyi na ukurasa wa kumi na tisa. Maneno yalikuwa ya marehemu mkewe, kwa hiyo nilitaka Baba Nsia ayaone kwanza. Alivaa miwani, akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alifika mwisho akarudi juu. Machozi yalimwangukia kwenye karatasi, akayafuta kwa mkono wa koti akaniomba radhi kwa kuichafua.

"Wakikuambia ufute," akasema, "waambie waje kwangu. Ila ongeza jambo moja. Mwambie na mume. Mimi nilikuwa naiona ile damu, mwalimu. Nilikuwa naiona kila mara, na nikawa nageuka."

Kamati ilikaa Jumamosi. Mwenyekiti aliuliza kama hatuwezi kulainisha kidogo pale juu. Baba Aneti, ambaye katika maisha yake hajawahi kusema kitu kwenye kikao, aliinuka akasema, "Tulilainisha mara ya kwanza," akaketi. Wakapitisha.

Ukurasa huo sasa unaanza kwa maneno ya Mama Nsia mwenyewe, kama alivyoyasema akiwa na kisu mkononi, nami ninauweka hapa ili kama kitabu hakitakufikia, huu ukufikie:

"Mwalimu, kila nikilala na mume wangu natoka damu. Si ya mwezi, naijua ya mwezi. Nafua shuka kabla watoto hawajaamka. Hilo ni kawaida?"

Hapana, mama. Si kawaida. Nimeuliza. Nenda hospitali leo, umwambie daktari maneno hayo hayo. Na wewe baba uliyeiona, usigeuke. Mpeleke.